Muzee Anayetaka Kupatana na Watoto Wake

Ndugu mapadri na makatekista, jambo hili tunalikuta mara nyingi tunapotembelea wagonjwa. Muzee anaomba Mupako mutakatifu; akiisha kupakwa mafuta, anatushika mukono: «Padri, uniitie watoto wangu.» Zamani aliwaacha pamoja na mama yao, akajenga kwa bibi mwingine. Sasa nguvu zimekwisha.

Kwanza, tusikawie kumupaka mafuta kwa kungojea watoto wafike. Kama anatubu kweli na kutaka kupatana nao, hiyo yatosha. Lakini tusimudanganye. Maungamo yanamurudisha kwa Mungu na kwa Kanisa. Hayafuti njaa waliyoiona watoto wake. Deni lile angali nalo.

Pengine atasema kwamba watoto walimuzarau alipokosa kazi. Yawezekana. Kule Katanga, mwaka wa 2003, Gécamines iliachisha kazi watu zaidi ya 10,000, na baba zaidi ya mumoja alipoteza heshima yake nyumbani. Hata hivyo, mwenye kuomba musamaha asianze kwa kuhesabu makosa ya wengine.

Tumufundishe habari ya Yakobo. Alituma zawadi mbele, mbuzi majike 200, mabeberu 20, na nyama wengine. Kisha yeye mwenyewe akatangulia mbele ya jamaa yake, akainama mara saba mbele ya Esau (Mwanzo 32 na 33). Muzee asiyeweza kutembea aseme kwa kinywa chake, hata kwa simu. Katekista asiseme kwa nafasi yake. «Mama, nilikuacha na njaa», akimwambia binti yake, ni neno lenye nguvu kuliko «tusahau ya zamani».

Na watoto? Amri ya ine inawafunga: muzee asife njaa. Lakini kumulisha ni kitu kimoja, kumukumbatia ni kingine, na hicho hatuwezi kukilazimisha. Tuwakumbushe tu Misa yetu, ile ya majimbo ya Zaire iliyokubaliwa na Roma mwaka wa 1988: nyuma ya mahubiri na Nasadiki tunaomba musamaha, tunapeana amani, ndipo tunapeleka vipaji altareni, sawasawa na Matayo 5, 23-24.

Mutoto akija kusalimu, kisha akarudi kwake, tusimugombeze. Yakobo na Esau walikumbatiana wakalia, lakini Esau alirudi Seiri, Yakobo akaenda Sukoti. Baba yao Isaka alipokufa, walimuzika wote wawili.