Michoro ya watoto wetu: jinsi ya kuihifadhi kwa skana ya nyumbani

Katika makabati ya makanisa yetu mengi kuna mafungu ya karatasi ambayo hakuna anayeyahesabu kuwa mali ya kanisa. Ni michoro ya watoto wa Shule ya Siku ya Mungu: safina ya Nuhu yenye mbuzi wawili na ng'ombe wawili, Yesu akituliza dhoruba katika ziwa linalofanana sana na Kivu, na mara nyingine nyumba inayoungua, au watu wanaotembea barabarani wakiwa na magodoro kichwani. Hapa Nguba tumekusanya michoro ya namna hiyo, pamoja na picha kubwa ambazo walimu huchora kwa ajili ya kufundishia, na tunaihifadhi kwenye kompyuta kwa skana ndogo ya nyumbani. Walimu wa makanisa mengine wanatuuliza tunafanyaje. Tunaandika kwa ajili yao.

Kwa nini tusingoje

Kwetu karatasi haidumu. Mvua ya Bukavu inaanza Septemba na kuendelea hadi Mei, na Nguba iko kando ya ziwa. Unyevu unaingia hata katika kabati lililofungwa, na kuvu huanzia pembeni mwa karatasi. Karatasi za daftari hugeuka manjano, na wino wa rangi hupauka ukikaa kwenye mwanga. Kuna mioto inayoteketeza nyumba nyingi kwa usiku mmoja, kuna maporomoko ya udongo, na wengi wetu tunakumbuka tetemeko la tarehe 3 Februari 2008. Vita navyo tunavijua: familia inayokimbia hubeba mtoto na sufuria, haibebi michoro.

Yeremia sura ya 36 inatufundisha jambo hapa. Mfalme Yehoyakimu alikata gombo la nabii vipande vipande kwa kisu na kulitupa motoni. Mungu hakusema basi, yamepotea. Aliagiza lingine liandikwe, na Baruku akaketi tena na wino wake akaandika maneno yote yaliyokuwa katika lile la kwanza. Kazi ya kunakili si kazi ndogo mbele za Mungu. Lakini tuangalie: Baruku aliandika kile alichoambiwa na nabii, hakuandika kile ambacho kingempendeza mfalme. Hilo ndilo jambo kuu tunalotaka kusema: nakala ya kwanza iwe aminifu. Kupamba, kama kuna haja, kutakuja baadaye, na kwenye nakala nyingine.

Skana ya namna gani

Skana nyembamba, kama zile za Canon LiDE, hupata umeme kupitia waya wa USB. Kwa hiyo zinafanya kazi na kompyuta ya kubeba hata umeme ukikatika, mradi betri ina nguvu. Udhaifu wake ni kwamba zinaona vizuri kile tu kinachogusa kioo. Karatasi iliyojikunja itatoka na sehemu zenye ukungu. Basi, siku mbili kabla ya kazi, weka michoro katikati ya karatasi safi, na juu yake uweke vitabu vizito. Usiipige pasi: nta ya kalamu za rangi itayeyuka.

Safisha kioo kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Maji yakihitajika, lowesha kitambaa kidogo, usimwage maji juu ya kioo. Punje moja ya vumbi itaonekana katika kila mchoro kama nukta ambayo mtoto hakuichora.

Mipangilio

Chagua rangi daima, hata kama mchoro ni wa penseli tupu. Karatasi ina rangi yake, na alama za kifutio nazo ni sehemu ya mchoro.

Chagua nukta 300 kwa inchi kwa mchoro wa ukubwa wa A4 utakaochapwa kwa ukubwa uleule. Utapata picha ya pikseli karibu 2,480 kwa 3,508, yenye uzito wa megabaiti 26 hivi isipobanwa. Flashi ya gigabaiti 32 itabeba zaidi ya michoro 1,000 ya namna hiyo. Kwa mchoro mdogo, au utakaokuzwa uwe bango, chagua nukta 600. Lakini ujue uzito utakuwa mara nne. Zaidi ya hapo ni kujaza flashi bure kwa mchoro wa kalamu za watoto.

Kisha zima kila kitu ambacho programu inajitolea kukusahihishia: mwanga, rangi, makali ya mistari, kufuta mandhari. Hapa ndipo watu wengi wanapoteza michoro bila kujua. Programu imetengenezwa ikidhani karatasi lazima iwe nyeupe kabisa. Inaposafisha karatasi, inafuta pia njano ya jua na buluu nyepesi ya mbingu ambazo mtoto alizipaka taratibu kwa kalamu kavu. Mwalimu anatazama picha kwenye kompyuta, anaona ni safi, anafurahi. Kumbe mbingu imeondoka.

Ili kupima, chukua kipande cha karatasi nyeupe, pakaa mistari mifupi kwa kalamu zilezile wanazotumia watoto, kisha ukiskani kila mara unapoanza kazi. Kilinganishe na kile unachokiona kwenye kompyuta, ukiwa karibu na dirisha mchana, wala si chini ya taa ya njano. Mistari myepesi ikipotea kwenye kipande hicho, itapotea na kwenye michoro. Rangi zile kali za kalamu za kupigia mstari vitabuni hazitatoka kama zilivyo, kwa sababu skana haiwezi kunakili mng'ao wake. Andika hilo katika daftari la kazi.

Mchoro ukiwa umechorwa pande mbili za karatasi nyembamba, weka karatasi nyeusi nyuma yake. Nyeupe ya kifuniko hurudisha mwanga na kuonyesha wino wa upande wa pili, nyeusi inauficha.

Michoro mikubwa na ya makaa

Picha za kufundishia za ukubwa wa A3 zina upana wa sentimita 42, na kioo cha skana ya A4 kina kama 21.6. Ukiskani mara mbili, vipande vitapishana kwa sentimita moja tu, na kuviunganisha kutakuwa shida. Skani mara tatu, bila kugeuza karatasi na bila kubadilisha mipangilio, kisha uunganishe kwa GIMP, programu inayopatikana bure.

Michoro ya makaa au chaki isiwekwe kwenye kioo kabisa, maana vumbi lake litabaki pale na mchoro utafifia. Ipige picha kwa simu, nje kivulini, simu ikiwa sambamba na mchoro, bila taa ya simu.

Kuweka na kutuma

Nakala ya kwanza iwekwe kwa TIFF au PNG, ambazo hazipotezi kitu. JPEG ni ya kutuma. WhatsApp hubana picha. Ukitaka ifike ilivyo, itume kama hati. Weka nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, na moja katika mji mwingine, kwa ndugu unayemwamini. Nakala zote zikikaa nyumba moja, moto mmoja unatosha kuzimaliza.

Kwa nini tusiipambe

Mwaka 2007 shirika la Waging Peace lilikusanya michoro ya watoto wa Darfur waliokuwa wamekimbilia kambi za mashariki mwa Chad, karibu michoro 500. Watoto walikuwa wamechora vijiji vinavyoungua, ndege na watu wenye silaha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko La Haye ilikubali kuipokea kama ushahidi wa kueleza hali ilivyokuwa. Tujiulize: kama mtu mzima mwema angenyoosha ile mistari na kuongeza rangi ili ipendeze, nani angeiamini?

Watoto wetu nao ni mashahidi. Mmoja anachora jua jeusi, mwingine nyumba isiyo na mlango. Si kazi yetu kumsahihishia jua lake. Kazi yetu ni kulipokea, na kukaa naye kama anataka kuongea.

Kwa sababu hiyohiyo tunalinda. Jina la faili lisiwe jina la mtoto. Tunatumia mwaka, mwezi na namba, na majina yanabaki katika daftari lililofungwa kwa ufunguo. Mchoro haupelekwi kwenye intaneti bila ruhusa ya mzazi au mlezi, na mtoto mwenyewe naye huulizwa. Mchoro unaoonyesha mahali pa kujificha, sare au jina la mtu haupelekwi hata kama ruhusa ipo. Na ukishaskaniwa, mchoro hurudi kwa mwenyewe akiutaka, kwa kuwa ni wake.

Tunawasihi walimu, wachungaji na mama wa kanisa: wiki hii fungueni lile kabati. Chagueni michoro kumi iliyo katika hali mbaya zaidi, muanze nayo. Asiye na skana aazime kwa jirani, na asiye na jirani mwenye skana aanze na simu kivulini. Bwana aliyewapokea watoto wadogo alipowekewa vizuizi na watu wazima atupe mikono yenye subira, inayopokea kile walichokichora kama kilivyo.