Kabla hujamuuzia mtu nta ya gari ya msimu wa baridi, muulize maswali haya 3

Leo nawapa somo lililonigharimu dola 112, na nusura linipotezee mteja ninayemheshimu sana.

Mimi nauza mtandaoni vifaa vya kuoshea na kutunza magari. Niko Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Wateja wangu wengi ni Waswahili wenzetu wa huku, watu wa kazi za zamu: wahudumu wa wazee, madereva, watu wa maghala. Kwao gari si pambo. Gari likilala, na kazi imelala.

Kwa ambaye hajakaa huku, ngoja nieleze kidogo. Theluji inaweza kuanza Novemba na bado ukaiona Aprili. Ili barabara zisigande, zinamwagiwa chumvi. Chumvi inafanya barafu iyeyuke hata baridi ikiwa chini ya sifuri. Ila yale maji ya chumvi yanarukia bodi, yanaingia uvunguni, yakikauka yanaacha ukungu mweupe. Palipo na rangi nzima, shida ni madoa na uchafu unaong'ang'ania. Pale jiwe lilipobandua rangi mpaka bati likaonekana, chumvi inaharakisha kutu. Ndiyo maana ikifika Septemba kila mtu anauliza: "Nipake nini?"

NILIPOBUGI

Mwaka wangu wa kwanza nilijaza nta ya karnauba. Nilinunua kopo dola 16, nikauza dola 28. Faida dola 12. Silanti, ile ya kiwandani ya polima, ilikuwa inaniachia dola 7 tu. Sasa mimi ningesifia ipi? Nilisifia yenye faida kubwa, basi.

Dada mmoja wa zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee akaniungisha kopo mwishoni mwa Novemba. Gari lake linalala nje. Sikumuuliza kitu. Nilimwambia tu, "Dada, hii ndiyo namba moja." Akaipaka kwenye baridi, mikono inaganda, nta ngumu kama mshumaa. Kabla ya mwaka mpya maji yalikuwa yanatandaa kwenye boneti badala ya kukusanyika matone na kuteleza. Kinga ilishaisha.

Akanipigia. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Mdogo wangu, uliniuzia dawa au uliniuzia jina?"

Nilimrudishia hela yake. Wakafuata wengine watatu wenye malalamiko yale yale. Makopo 4 mara dola 28 ni dola 112. Kuzirudisha hizo, inabidi uuze makopo mengine 10 kwa faida ya dola 12. Na hapo hujahesabu jina lako linavyosemwa kwenye magrupu.

Kumbe ile nta haikuwa mbovu. Niliiuza kwa mtu asiye wake, na kwa wakati usio wake.

TOFAUTI ZAKE, KWA LUGHA YA DUKANI

1. Nta ya karnauba. Inatokana na majani ya mti wa karnauba, wa jamii ya mitende, unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Inang'arisha vizuri mno, hasa rangi nyeusi na nyekundu. Lakini kwa matumizi ya kila siku hesabu wiki chache, labda mwezi au miwili. Ukiongeza chumvi na kuosha mara kwa mara, inawahi kuisha. Inamfaa mtu anayependa kupaka, mwenye gari linalolala ndani.

2. Silanti ya polima. Hii inatengenezwa kiwandani. Mng'ao wake ni wa kioo zaidi, hauna ule utamu wa karnauba. Ila inakaa: ikipakwa kwenye rangi safi, miezi 4 hadi 6 ni jambo la kawaida. Yaani ukipaka Oktoba, unaweza kuvuka sehemu kubwa ya baridi. Sharti lake ni kukauka. Nyingi zinataka gari lisiguswe na maji kwa saa 12 hadi 24. Soma kibandiko.

3. Spurei ya seramiki. Ina silika ndani yake. Unapuliza, unafuta, umemaliza. Inakaa miezi kadhaa kutegemea aina. Inamfaa mtu asiye na muda. Angalizo kwa sisi wauzaji: nyingi zimetengenezwa kwa maji, na maji yanaganda. Nitarudi hapo.

4. Seramiki kamili ya kupakwa na fundi. Hii inahesabiwa kwa miaka. Lakini rangi lazima ipigwe polishi kwanza, gari likae ndani pakavu mpaka dawa ishike. Asiye na gereji wala fundi usimuuzie kichupa hicho. Akikosea inabaki na michirizi ambayo haitoki kwa kitambaa.

MASWALI 3 NINAYOULIZA SASA

Swali la kwanza: Gari linalala wapi? Likilala nje, moja kwa moja nafikiria silanti. Likilala gereji, karnauba inaruhusiwa, mteja akikubali kurudia.

Swali la pili: Utaliosha wapi na mara ngapi? Mashine za kuoshea bila brashi hutegemea kemikali kali, nazo zinakula nta haraka. Anayepita huko kila wiki anahitaji kitu kigumu zaidi, na chupa ya spurei ya kuongezea katikati ya msimu. Anayeosha mwenyewe nyumbani, mwambie aachane na sabuni ya vyombo, inavua kinga. Muuzie shampuu ya gari. Hapo umemsaidia na wewe umeuza.

Swali la tatu: Utapaka siku gani? Hili ndilo lililoniangusha. Bidhaa nyingi zinataka joto la kuanzia kama nyuzi 10 za Selsiasi, sawa na 50 za Farenhaiti huku Marekani, na bodi iwe kavu, isiwe juani. Kwa Minneapolis, Septemba na mwanzoni mwa Oktoba siku za hivyo zipo. Mwishoni mwa Novemba ni za kubahatisha. Mteja akichelewa na hana gereji, mwambie ukweli: "Atafute mahali pa ndani siku moja, la sivyo tusubiri." Kuna waliosubiri, na bado ni wateja wangu.

UJUMBE NINAOTUMA NA KILA ODA

Nimeuandika mara moja, nauhifadhi kwenye simu. Unaweza kuugeuza ukautumia:

"Asante kwa kuniungisha. Kabla ya kupaka: 1) Osha gari, likaushe kabisa. 2) Vaa mfuko laini wa plastiki mkononi, pitisha juu ya rangi. Ukisikia chenga chenga, pitisha klei na maji yake ya kutelezesha kwanza. 3) Palipobanduka rangi, paka rangi ya kuzibia, iache ikauke. 4) Paka silanti nyembamba, sehemu moja moja. Nyingi haiongezi kinga, inakuchosha kufuta tu. 5) Epuka plastiki nyeusi, inabaki na weupe. 6) Futa kwa taulo safi la maikrofaiba. 7) Usiliguse na maji mpaka muda ulioandikwa kwenye chupa uishe. Ukitaka na mng'ao wa karnauba, ipake juu ya silanti siku inayofuata. Usianze na karnauba, silanti haitashika vizuri juu yake."

Tangu nianze kutuma huu, simu za "mbona haifanyi kazi" zimepungua sana.

USIAHIDI KISICHOKUWEPO

Zamani tangazo langu lilikuwa linasema "Kinga kamili dhidi ya kutu." Nimelifuta. Nta au silanti inakaa juu ya klia, ile tabaka angavu ya juu ya rangi. Inafanya uchafu na chumvi visishike sana na vitoke kirahisi. Haizuii jiwe kubandua rangi. Haizuii mikwaruzo ya brashi ya theluji. Na uvunguni, ambako kutu inapenda kuanzia, haifiki kabisa. Huko kunahitaji kuoshwa kwa maji msimu wote, na dawa yake maalumu ya uvunguni.

Sasa naandika: "Inasaidia chumvi isishike kwenye rangi. Uvungu oshea kivyake." Tangazo limepungua utamu, ila hakuna mtu aliyerudi kunidai.

CHUPA ZIKIGANDA, HASARA NI YAKO

Januari moja niliacha chupa za spurei kwenye buti la gari usiku kucha, nikijua asubuhi nazipeleka posta. Asubuhi zilikuwa barafu. Zilipoyeyuka, nyingine zikawa na mabonge kama maziwa yaliyokatika. Nilizitupa. Ningemtumia mteja zile, ningejimaliza mwenyewe.

Nilichojifunza:
- Stoo ya vitu vya maji iwe ndani ya nyumba.
- Kwenye baridi kali usitume Ijumaa. Mzigo utalala wikiendi nzima mahali usipopajua. Tuma Jumatatu, mwambie mteja siku ya kutegemea ili usikae barazani.
- Makopo ya kupuliza kwa gesi na dawa zinazoshika moto zina masharti ya usafirishaji. Uliza posta kabla hujapokea oda, si baada ya kulipwa.
- Bora zaidi: uza mapema. Mimi matangazo yangu makubwa yanaanza mwisho wa Agosti. Mzigo unasafiri bila kuganda, na mteja anapata siku ya joto ya kupaka.

YULE DADA

Septemba iliyofuata nilimtafuta mimi. Nikamuuliza yale maswali matatu. Gari bado linalala nje, anaosha kwenye mashine karibu na kazini, siku yake ya mapumziko ni Jumanne. Nikamuuzia silanti ya dola 20 na shampuu. Faida yangu kwenye ile silanti ilikuwa dola 7 zile zile nilizokuwa nazidharau.

Machi akanitumia video fupi: maji yanateleza kwenye boneti, matone yanakimbizana. Hakuandika neno. Wiki hiyo wenzake wawili wa kazini wakanitafuta, na swali lao la kwanza lilikuwa, "Wewe ndiye yule anayeuliza gari linalala wapi?"

Wewe unauza nini? Viatu, unga wa lishe, mafuta ya nywele, chochote. Yatafute maswali yako matatu. Yaandike kwenye simu leo, na mteja wa kwanza atakayesema "nataka ile nzuri kuliko zote," usimtajie bei kabla hujamuuliza.