MODEMU IMENYAMAZA: TUANZE KUANGALIA WAPI?



Sisi wa mwaka wa mwisho tutaondoka karibuni, na mashini zinabaki mikononi mwenu. Ndiyo maana tunaandika juu ya jambo moja: modemu inayokataa. Watu wengi wakiona modemu imenyamaza wanasema tu «imekufa», wanatoa feza na kununua ingine. Mara nyingi haikufa. Kasoro iko mahali fulani njiani, na mtu anayefuata njia pole pole ataipata pasipo kutoa hata franka moja.

Modemu ni nini? Ordinatere, ao kompyuta sawa wanavyosema ngambo ya ziwa kule Kigoma, inajua alama mbili tu: 0 na 1. Simu ya zamani ilijua kubeba sauti tu. Basi modemu inageuza alama kuwa sauti, na modemu ya upande wa pili inazirudisha kuwa alama. Kati ya kompyuta na modemu kuna poti ya seri. Pale alama zinapita moja nyuma ya ingine, sawa watu kwenye daraja jembamba.

Mfano wetu ni Unix, programu ya kuongoza kompyuta iliyoanza mwaka 1969 kule Bell Labs, Marekani. Toleo lake la 7, la mwaka 1979, lilikuja na UUCP, programu ya kupeleka barua na mafaili kwa simu toka kompyuta moja mpaka ingine. Hata Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, barua zilisafiri mpaka London kwa modemu na simu. Wale walitumia FidoNet, si UUCP, lakini kamba ni ile ile na shida ni zile zile.

Sheria yetu ni hii: anza na kilicho karibu na mkono wako, kisha enda mbali. Tena, badilisha kitu kimoja tu kwa mara moja. Ukibadilisha vitatu pamoja na mashini ikaamka, hautajua ni kipi kiliponyesha.

1. KAMBA. Fishi ya RS-232 ya zamani iko na sindano 25. Kwa upande wa kompyuta, sindano ya 2 inatuma, ya 3 inapokea, ya 7 ni ya udongo. Kati ya kompyuta na modemu kamba inapita moja kwa moja. Kati ya kompyuta mbili, ya 2 na ya 3 zinapishana. Ukikosea kamba, wote wawili wanasema na hakuna anayesikia. Usisahau ya 20, inayoambia modemu kwamba kompyuta iko tayari, na ya 8, inayoambia kompyuta kwamba modemu inasikia mwenzake. Zikikosekana, programu inaweza kungoja bila mwisho.

2. FAILI YA POTI. Katika Unix kila poti inaonekana kama faili ndani ya /dev. Andika ls -l na uangalie: una ruhusa ya kusoma na kuandika? Kama hapana, omba mwenye kuongoza mashini. Modemu haina kosa.

3. MLINZI MLANGONI. Programu moja, getty, inakaa kwenye poti ikingoja watu waingie. Ukitaka kupiga simu kwa poti ile ile, getty inakunyanganya majibu ya modemu. Katika toleo la 7, angalia faili /etc/ttys: mstari unaoanza na 1 umefunguliwa kwa wageni, unaoanza na 0 umefungwa.

4. MWENDO. Kompyuta na modemu zipatane: 300, 1200 ao 9600. Ukiona herufi za kufujika, furahi! Kamba inapitisha, ni mwendo tu, ao hesabu ya biti, ambayo haipatani. Kwa mwendo wa 300, kila herufi inachukua biti 10, basi zinapita herufi 30 kwa sekunde. Ukurasa wa herufi 1800 unahitaji dakika moja nzima. Kwa hiyo musiseme «imekwama» mbele ya kuhesabu.

5. MODEMU YENYEWE. Ingia kwa programu cu, andika AT, gonga Enter. Modemu yenye kufuata amri za Hayes, zilizotoka mwaka 1981, itajibu OK. Ikijibu, kila kitu toka kwako mpaka modemu ni kizima. Sasa tu ndipo una haki ya kushitaki laini ya simu.

6. KUFULI ILIYOSAHAULIKA. UUCP inapotumia poti inaweka faili ndogo ya jina LCK, ili mwingine asiingie. Umeme ukikatika, kufuli inabaki na mwenyewe hayuko. Hakikisha kwanza kwa ps kwamba hakuna anayetumia, ndipo uifute.

Mtauliza: haya ya zamani yanatufaa nini? Ile modemu ndogo ya kuchomeka kando ya kompyuta, yenye SIM ndani, Linux huiita mara nyingi /dev/ttyUSB0. Nayo bado inajibu AT! Andika AT+CPIN? na jibu READY linasema SIM iko wazi. Andika AT+CSQ upate nguvu ya mtandao, toka 0 mpaka 31. 99 maana yake haikuweza kupima. Ikitoa 3, usinunue modemu. Isogeze karibu na dirisha kwanza, kisha pima tena.

Mwisho, kila kasoro mtakayopata, muiandike katika daftari pamoja na dawa yake. Sisi tunaenda, daftari linabaki. Mungu awabariki katika masomo.