Je, Wajua? Vumbi la Barabarani, Moshi wa Jikoni

Je, wajua kwamba unywele mmoja wa kichwa chako ni mnene mara 20 na zaidi kuliko chembe za hewani zinazoogopwa na madaktari? Chembe hizo hazizidi maikromita 2.5. Pua haizizuii. Hushuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na nyingine hupenya zikaingia damuni. Ndiyo maana moshi huleta kiharusi na ugonjwa wa moyo, wala hauishii kifuani.

Vumbi jekundu linalotufunika hapa Mususa, Butembo, kila lori lipitapo, je? Linaudhi, lakini chembe zake nyingi ni kubwa na hunaswa puani. Penga kamasi utaliona. Moshi wa kuni una chembe ndogo zaidi, ambazo nyingi hazionekani kwenye leso. Tunajifunga kitambaa mdomoni barabarani, kisha tunakivua tunapoingia jikoni!

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha wastani wa mwaka cha chembe hizo ndogo kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa. Watu 99 kati ya kila 100 duniani wanavuta hewa isiyofikia viwango vya shirika hilo.

Je, wajua kwamba katika ripoti ya mwaka 2024 ya IQAir, kampuni inayofuatilia ubora wa hewa, nchi yetu ya Kongo (DRC) ilikuwa ya nne kwa hewa chafu, nyuma ya Chad, Bangladesh na Pakistan? Ilipewa maikrogramu 58.2. Lakini hiyo ndiyo namba ya Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,600 kutoka hapa. Haiwezi kusemea jiko la Butembo.

Na hapa ndipo pa kusimama kidogo. Uchafu wa hewa hauchagui watu wale wale kila mahali. Ulaya wengi wanaokufa kwa sababu yake ni wazee, tena kwa moyo na kiharusi. Kwetu Afrika unawavamia watoto wachanga kwa nyumonia. Ripoti nyingine ya dunia kuhusu hewa, ya mwaka 2024, ilikadiria kwamba watoto zaidi ya 700,000 walio chini ya miaka mitano walikufa mwaka 2021 kwa sababu zinazohusiana na hewa chafu, na takriban 500,000 kati yao kwa moshi wa kupikia. Kwa sehemu kubwa ya Afrika, kiwango cha vifo hivyo ni kikubwa zaidi ya mara 100 kuliko katika nchi tajiri. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, mapafu yake bado yanakua, naye yuko mgongoni mwa mama saa zote maharage yanapochemka.

Hata hapa kwetu, miji ya Butembo na Beni si sawa. Butembo uko juu, zaidi ya mita 1,700, na baridi ya jioni hutufanya tufunge mlango wa jiko. Beni uko chini na una joto, hivyo ni rahisi zaidi kupikia uani. Sufuria ile ile na kuni zile zile, lakini mapafu hayapokei moshi ule ule.

Makala yana moshi mdogo kuliko kuni, hilo ni kweli. Lakini mbabula ya makala hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Msiiingize chumbani usiku ili kupasha joto. Inaua watu wakiwa usingizini.

Goma wana lao: gesi ya salfa ya volkano za Nyiragongo na Nyamulagira hugeuka hewani kuwa chembe ndogo za salfeti.

Je, wajua kwamba moshi wetu mwingine hutoka mbali? Kituo cha kupima hewa juu ya mlima Mugogo, Rwanda, kimeonyesha kwamba hewa huchafuka zaidi katika viangazi viwili: Desemba hadi Februari kwa mioto ya nyasi ya kaskazini, Juni hadi Agosti kwa ile ya kusini. Butembo, ambao ikweta inapita kusini yake kidogo tu, uko katikati ya mioto hiyo.

Hata nchi tajiri zimewahi kuumizwa na moshi. London, Desemba 1952: siku tano za ukungu na moshi wa makaa ya mawe. Makadirio ya baadaye yalifikia vifo 12,000.

Jirani zetu wa Kampala hawakungoja mashine za bei kali ili kupima hewa yao. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza mwaka 2015, hutengeneza vipimo vya gharama nafuu. Vingine vimefungwa kwenye bodaboda.

Na jikoni kwetu tufanye nini? Maharage yakilowekwa usiku kucha huiva mapema, na moshi hupungua. Mkaratusi uliokauka nao huwaka kwa moshi mdogo kuliko uliokatwa jana.