Ukiiacha kazi kwa hasira, irudie kwa adabu

Wahenga waliponena kwamba hasira hasara, aghalabu sisi hudhani walimlenga yule mja anayevunja vyombo nyumbani au anayekunja ngumi sokoni. Mimi sikuvunja hata kikombe. Hasira yangu ilikaa kitini, ikashika kalamu, ikaandika barua ya sentensi tatu na kuitia sahihi. Kwa muda usiozidi dakika 10, nikawa nimeiacha kazi niliyoifanya kwa miaka tisa.

Nayasimulia haya si kwa kujisifu wala kwa kutaka huruma. Nayasimulia kwa kuwa najua wako wengi ambao, hata sasa, barua kama ile wamekwisha kuiandika mioyoni mwao, na kilichobaki ni karatasi tu.

Nilikuwa mhasibu katika kampuni ya uwakala wa forodha mjini Mombasa. Asiyeijua kazi hiyo na aelewe kwamba mzigo ukishateremshwa katika bandari ya Kilindini hupewa siku chache tu za kukaa bila malipo. Zikipita, ada ya kuhifadhiwa huanza kuhesabiwa kila kukicha, na mwenye meli naye hudai ada ya kontena lake. Hivyo basi, malipo yanayochelewa kwa nusu siku huweza kuila faida yote. Juu ya hayo, kodi ya mishahara sharti iwasilishwe kabla ya tarehe 9 kupita, na hesabu za kodi ya ongezeko la thamani kabla ya tarehe 20 kupita. Mwezi hauna mapumziko; una milima miwili, na ukishuka mmoja waukuta mwingine.

Mwenzangu tuliyesaidiana naye aliondoka, na nafasi yake haikujazwa. Kwa miezi mitano nilifanya kazi ya watu wawili kwa mshahara wa mmoja. Usingizi ulinihama. Watoto waliponisemesha nyumbani, niliziona midomo yao ikicheza ila maneno sikuyasikia. Nilianza kuwachukia wateja ambao hawakunikosea lolote, na hesabu niliyoweza kuifanya nimefumba macho ikanichukua saa nzima. Likizo yangu ya mwaka sikuiomba, maana nilijidanganya kwamba bila mimi afisi ingezama.

Ndipo ikaja Ijumaa moja, tarehe 20. Malipo ya mzigo fulani yalikuwa yamechelewa, na mkurugenzi wetu, mama wa makamo mwenye bidii isiyo kifani, akanifokea mbele ya wateja. Ukweli ni kwamba hati iliyohitaji idhini yake ilikuwa imelala mezani pake siku mbili. Sikulisema hilo. Niliandika barua yangu, nikaiweka juu ya hati ile ile, nikaacha funguo za kabati, nikashika njia ya kwenda kivukoni Likoni.

Msomaji mpendwa, sitakuficha: usiku ule nililala fofofo kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Jumamosi niliamka mwepesi kama unyoya. Lakini Jumapili jioni, mke wangu aliponiuliza kwa upole ni nani atakayelipa mkopo wa chama cha akiba, ule wepesi ulinitoka. Mkopo huo ulikuwa ukikatwa kwenye mshahara wangu. Walionidhamini walikuwa wenzangu wawili wa pale pale afisini, mmoja tarishi na mwingine karani. Nisipolipa mimi, akiba zao ndizo zingeshikwa. Nilikuwa nimedhani kwamba barua ile ilimhusu mkurugenzi na mimi peke yetu. Kumbe niliwatia sahihi na wengine ambao hata hawakuwamo chumbani.

Sheria nayo haikuwa upande wangu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mtu anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku 28 kwa maandishi. Anayeondoka ghafla humlipa mwajiri mshahara wa kipindi hicho cha notisi, kama vile mwajiri naye anavyopaswa kumlipa anayemfukuza ghafla. Isitoshe, barua ya kujiuzulu ikishapokelewa, mwandishi hana mamlaka ya kuifuta peke yake. Mpaka mwajiri aridhie. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba sheria hiyo hiyo ilikuwa imeniwekea milango mingine ambayo sikuigusa: likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mwaka, na ruhusa ya ugonjwa yenye siku saba za mshahara kamili na saba za nusu mshahara kwa mwenye cheti cha daktari. Niliipita milango yote hiyo nikarukia dirishani.

Jumatatu nilimwendea jirani yangu, mzee aliyestaafu baada ya kuwasimamia makarani kwa miaka mingi. Nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, unataka kwenda kuomba radhi au kuomba kazi?"

"Yote mawili, Mzee," nikajibu.

"Basi enda mara mbili," akasema. "Ukiyafunga mzigo mmoja, atadhani radhi ndiyo nauli ya kazi."

Nimekwisha kusoma mawaidha mengi kuhusu kazi, lakini sijapata yaliyonifaa kuliko hayo.

Jumanne nilivuka feri nikaenda kuomba radhi. Njiani nilijiandalia hotuba ndefu juu ya miezi mitano, juu ya mwenzangu aliyeondoka, juu ya hati iliyolala mezani. Nilipofika mbele yake niliitupa hotuba yote. Nilisema, "Mama, niliondoka vibaya. Nimekuachia kazi katikati, na nimekutia hasarani mbele ya wateja. Niwie radhi. Nikiruhusiwa, nitazitumikia siku 28 ninazodaiwa, na nitamwelekeza yeyote atakayeshika nafasi yangu."

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba hawezi kunidanganya. Barua alikwisha kuipeleka kwa washirika wake, na wamekwisha kuikubali. Lakini siku 28 angezipokea. Sikuuliza zaidi ya hapo, ingawa swali la kazi lilikuwa limenikaba kooni.

Kurudi pale kulikuwa kugumu. Wako walioniona kama shujaa aliyeshindwa vita, na wako walionong'ona kwamba nimerudi kulamba matapishi. Tarishi aliyenidhamini hakunisemesha kwa siku tatu, na alikuwa na haki. Nilifanya kazi. Niliandika daftari la maelezo yote niliyokuwa nimeyaweka kichwani: mteja gani hulipa lini, ada zipi huanza kuhesabiwa siku ipi, hati zipi haziendi bila sahihi ya nani. Katika kuandika niligundua jambo la kuaibisha. Sehemu kubwa ya uzito ulioniangusha ulitokana na mimi kutomfundisha mtu mwingine yeyote. Nilitaka kuhitajiwa, na kuhitajiwa huko kukanimaliza.

Katika wiki ya tatu nilikwenda mara ya pili, sasa kuomba kazi. Jibu lilikuwa la. Walikuwa wamekwisha kuajiri, tena hawakuajiri mtu mmoja bali wawili.

Nilicheka bila kutaka, naye akaelewa. Akasema, "Mbona hukuniambia kwamba kazi ilikuzidi?"

"Nilisema, Mama."

"Ulinung'unika," akanijibu. "Kunung'unika si kusema." Kisha akainamisha macho akaongeza, "Na hati ile ilikuwa mezani pangu. Nililijua hilo jioni ile ile."

Hatukukumbatiana wala kulia. Siku ya mwisho alinipa cheti cha utumishi, ambacho sheria humlazimu kila mwajiri kumpa mfanyakazi aliyemtumikia kwa wiki nne au zaidi. Cheti hicho hutaja kazi uliyoifanya na tarehe ulizoingia na kutoka, basi. Kuhusu tabia na ustadi wa mtu, mwajiri hafungwi na sheria kuandika lolote. Hata hivyo, yeye aliandika barua ya pili, ukurasa mzima. Kwa barua hiyo nilipata kibarua cha muda kwingineko, na chama cha akiba kikakubali kunipangia upya malipo ya mkopo. Wadhamini wangu hawakukatwa hata senti. Wakati wa kufunga hesabu za mwaka, mama yule aliniita kwa kazi ya wiki mbili, akanilipa siku niliyomaliza.

Sasa nifafanue ninalolitetea, maana nachelea kueleweka visivyo. Sisemi kwamba kila mwajiri aliyeachwa arudiwe. Yuko mwajiri anayemtesa mtu mpaka aondoke mwenyewe. Huyo, katika macho ya sheria, huweza kuhesabiwa kuwa amemfukuza, hata kama barua ya kujiuzulu imetiwa sahihi na mfanyakazi. Mwenye malalamiko ya namna hiyo anapaswa kuiendea afisi ya leba au Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, tena mapema, kwa kuwa madai haya huwa na kikomo cha miaka mitatu. Kumpigia magoti mtesi si adabu, ni kujidhulumu.

Wala sisemi kwamba uchovu ule ulikuwa uvivu. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, lilieleza hali ya mtu kuchoshwa na kazi kupita kiasi kuwa jambo litokanalo na shinikizo la muda mrefu kazini ambalo halikudhibitiwa. Halikuiita ugonjwa, lakini liliitaja dalili zake: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na ustadi kupungua. Nilipozisoma nilijiona kama nimesimama mbele ya kioo. Uchovu huo hueleza kwa nini niliandika barua. Hata hivyo, hauniondolei deni la wale niliowaacha katikati.

Ninachokisema ni kwamba kuna tofauti baina ya kuirudia kazi na kuurudia uungwana. Maji yakimwagika hayazoleki, na kazi yangu haikuzoleka. Lakini wahenga hao hao walituachia kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nijuavyo mimi, ngama ya mtu anayeishi kwa kazi yake haiko katika kiti anachokikalia. Iko katika neno lake, na katika namna wenzake watakavyomtaja akishatoka mlangoni.

Kwenu waajiri nina ombi dogo. Mtumishi wa miaka mingi akikuletea barua ya sentensi tatu Ijumaa jioni, usikimbilie kuigonga muhuri. Iweke kwenye droo mpaka Jumatatu, kisha mwite umwulize ana muda gani tangu apate likizo. Huenda akashikilia uamuzi wake, na hiyo ni haki yake. Huenda pia ukajiokolea gharama ya kuajiri wawili.

Nawe mwenzangu mwenye barua moyoni, kama lazima uiandike, iandike. Lakini kabla ya kuitia sahihi, taja kwa sauti majina ya wote ambao sahihi hiyo itawagusa. Mimi niliyataja Jumapili, siku mbili baada ya kuondoka. Tarishi yule tunasalimiana tukikutana kivukoni, na safari nyingine hupanda feri moja. Mazungumzo yetu ni mazuri, ila tangu siku ile hajanidhamini tena, nami sijamwomba.