Kukagua Mashua Kabla ya Kuinunua

Mtu atakaye kununua mashua asiridhike na rangi mpya, kwani rangi huficha mengi. Maji yakupwapo iachwe ipwelewe mchangani, kisha amwite fundi wa vyombo, wala asiwe yule aliyeletwa na muuzaji.

Fundi huanzia mkukuni. Yuko mdudu wa baharini alaye mbao: huingia angali mdogo mno, kwa tundu kama la sindano, akakulia ndani. Nje ubao huonekana mzima, kumbe umekuwa kama sega la nyuki! Kwa hiyo fundi hugonga kwa nyundo akisikiliza mlio, na penye shaka huchoma kwa kisu. Kisha hutazama mataruma, kalafati, na misumari iliyoliwa na kutu.

Ubovu auonao na auandike. Wenye bima nao mara nyingi hutaka barua ya mkaguzi kwanza.