Selimundu: Deni la Malaria

Wazazi wengi hapa Bokoli huniuliza: “Daktari, mbona mtoto ana selimundu nasi tu wazima?”

Jibu ni malaria. Mwaka 1949, Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona kwamba wenye chembe hiyo ya urithi walikuwa wengi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, penye mbu, na wachache nyanda za juu. Mwaka 1954 alieleza sababu: anayerithi chembe moja hukingwa na malaria kali, akaishi, akazaa. Anayerithi mbili huugua, na malaria kwake ni hatari zaidi.

Wazazi wote wakiwa nayo, kila mimba ina hatari ya moja kwa nne.

Wachumba, pimeni damu. Mtoto akivimba vidole, mpelekeni hospitali upesi.